Nani Atangulie? Zamu ya Mgonjwa katika Fiqhi na Historia



Maimamu huletewa mara kwa mara lalamiko moja. Mtu amemfikisha mzazi wake hospitalini alfajiri, wakakaa kwenye benchi. Saa tatu analetwa kijana aliyegongwa na gari, naye anapitishwa moja kwa moja kwa daktari. Aliyetangulia huona amedhulumiwa. Je, hii ni dhulma? Ili tujibu, yatupasa tutazame namna wanachuoni walivyoipima haki ya aliyetangulia, kisha namna hospitali zilivyoufikia utaratibu huu.

Asili ya zamu

Asili ni kuwa aliyewahi ana haki zaidi, na maana hiyo imo katika hadithi aliyoipokea Abu Daud. Kwa msingi huo Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameeleza katika Minhaj, mlango wa ukadhi, kwamba wagomvi wakisongamana mbele ya kadhi hutangulizwa aliyewahi; asipojulikana, hupigwa kura. Lakini papo hapo akawatoa katika kanuni hiyo wasafiri walio tayari kuondoka, na wanawake. Hao hutangulizwa hata wakichelewa kufika, maadamu si wengi.

Tuizingatie illa ya hukumu hii. Msafiri hakutangulizwa kwa utukufu wake. Ametangulizwa kwa sababu akicheleweshwa ataachwa na msafara, na dhara hiyo haimpati mwenyeji. Basi ikiwa kuachwa na msafara kunatosha kuivunja zamu, kukatika pumzi kunatosha zaidi. Hii ndiyo qiyas al-awla wanayoitaja maulamaa wa usuli.

Kutoka hema hadi bimaristani

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (RA) alipigwa mshale mkononi. Mtume (SAW) aliamuru awekwe hemani msikitini ili awe karibu naye, na wapokezi wamemtaja Rufaida al-Aslamiyya (RA) kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi.

Baadaye zikaja bimaristani. Nuruddin Mahmud Zangi alijenga yake Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun akajenga ya Mansuri mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 683 Hijria (1284). Al-Maqrizi ameeleza kuwa iliwekwa wakfu kwa wote: mfalme na mtumwa, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Wenye homa walikuwa na ukumbi wao, wagonjwa wa macho wao, na waliohitaji kupasuliwa wao. Hata hivyo tuwe waadilifu katika kunukuu: mgawanyo huo ulikuwa wa aina ya maradhi, si wa kiwango cha hatari. Fakhari ya bimaristani ni kuwa mlango wake haukuuliza cheo.

Aliyeweka wazi kanuni ya kuwapanga majeruhi kwa hatari ni Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon. Yeye ndiye aliyebuni magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi vitani, na jeshi hilo lilipoivamia Misri mwaka 1798 aliwabebesha juu ya ngamia. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, awe askari wa kawaida au jemadari.

Katika zama zetu, mwaka 2004, madaktari wa Cape Town walianza kutunga kipimo kilichoenea sehemu nyingi za Afrika. Muuguzi huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, hupima presha na joto, hutazama fahamu na kama mgonjwa anaweza kutembea, kisha humpa rangi. Mwekundu hatibiwi kwa zamu, bali papo hapo. Wa rangi ya machungwa asizidishe dakika 10, wa njano saa 1, na wa kijani saa 4. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010.

Tunachokipata

Kwanza, muuguzi anayepima yuko katika nafasi inayofanana na ya kadhi mlangoni pake. Akimtanguliza aliye hatarini hakudhulumu, na anayemtukana au kumzuia huenda akashiriki katika kuiangamiza nafsi, ambayo Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 32, imelinganisha kuihuisha na kuwahuisha watu wote.

Pili, dhulma ya kweli ni kumpitisha mtu kwa undugu, cheo au bahasha. Suratu Abasa iliteremka juu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati wakubwa wa Kureshi wamekaa, na funzo lake halijakwisha.

Tatu, wa kijani naye ana haki. An-Nawawi alisema "maadamu si wengi", kwa kuwa wasafiri wakizidi, wenyeji nao wataumia kwa kungoja. Ndiyo maana kipimo kimewekewa ukomo wa saa, na ndiyo maana anayesubiri hupaswa kupimwa tena. Basi mwenye mgonjwa benchini, akiona hali imebadilika, asinyamaze kwa kuona haya wala asigombe. Amwendee muuguzi na kumweleza alichokiona. Hiyo ni amana aliyobeba.

Wallahu aalam.