KAZI NI SHULE: TULIYOJIFUNZA KATIKA MIAKA KUMI

Tulipotakiwa kuandika historia ya kikundi tuliona tusianze na fedha. Tuanze na kujifunza, maana ndiko kulikotufikisha hapa.

Huku Pwani jambo hili si geni. Miaka ya 1960 nchi za Nordiki zilisaidia kujenga Kibaha shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, ili kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa Serikali, ndilo Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 Serikali ikaagiza sehemu za kazi ziwe na masomo ya wafanyakazi. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa kikundi, wanasikiliza redio, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba choo. Mama zetu walikuwemo.

Sisi watoto wao tukasahau. Tulianza akina mama wauza chakula wa Kibaha na wenzetu wa Kisarawe walioleta mihogo na nazi. Daftari lilikuwa moja, na anayelielewa ni katibu peke yake. Mwaka wa pili sanduku likapungua shilingi 84,000. Minong'ono ikaanza. Katibu akalia mbele yetu, akaacha kuja. Tulimnyooshea kidole, na sisi viongozi ndio tulikuwa mbele.

Baada ya wiki tatu tukalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, tukamuuliza kila mtu. Kumbe kuna mkopo ulitolewa siku ya mvua, watu wanakimbilia kwenda, haukuandikwa. Aliyeuchukua alikuwa Kisarawe anauguza, wala hana habari.

Tukaenda nyumbani kwa katibu kumwomba radhi. Akasema, "Nimewasamehe, lakini daftari sishiki peke yangu tena. Jifunzeni wote, au tafuteni mwingine."

Basi tangu hapo nusu saa ya kwanza ya mkutano ni ya hesabu. Daftari linasomwa kwa sauti, na msomaji hubadilika kila wiki. Asiyejua kusoma anashika hesabu kichwani, naye husahihisha. Anayetaja kosa lake hatozwi faini. Anayeficha ndiye hutozwa. Aliyeharibikiwa na biashara anasimama anaeleza, ili mwenzake asitumbukie shimo lilelile.

Wengi wetu tuliishia darasa la saba, wengine hawakufika. Leo wanachama 11 wanaweza kushika daftari, na mwalimu wao ni katibu yuleyule.

Dada yetu, siku ile tulikuomba radhi kwa mdomo. Leo tunakuomba tena, kwa maandishi, watoto wetu wasome.

Elimu haina mwisho.