Mcheza Ugenini: Ngoma ya Beni na Vita vya 1914–1918

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Sisi walimu hupenda kuitumia methali hii kuwafunza wanafunzi kwamba heshima ya mtu huanza kwa watu wake, ambao humjua jina na ukoo, wakamtuza fedha na vigelegele achezapo. Lakini historia ya lugha yetu inalo kundi kubwa la watu waliocheza ugenini, mahali ambapo hapakuwa na mama wala shangazi wa kuwatunza. Watu hao ni askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Walibeba bunduki na mizigo ya wageni. Na juu ya mizigo hiyo walibeba mzigo wao wenyewe, ngoma iitwayo beni. Makala haya yanakusudia kueleza ngoma hiyo ilikuwa nini, vita viliienezaje, na kwa nini yatupasa kuijua sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura.

Tuanze na jina. Beni ni neno la Kiingereza lililotoholewa, lenye maana ya bendi. Ngoma yenyewe ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Wakati huo vijana wa pwani walikuwa wakiyasikia matarumbeta kila upande: Freretown, karibu na Mombasa, wamisionari walikuwa wamewafunza bendi watumwa walioachwa huru, Unguja, Sultani alikuwa na bendi yake, na majeshi ya wakoloni yalipita kwa gwaride na ngoma kubwa. Vijana wakatazama, wakachukua, wakageuza. Walichokitia ndani ya mavazi hayo mapya kilikuwa ni desturi ya zamani sana ya miji ya Waswahili, yaani mashindano ya pande mbili, mtaa kwa mtaa, kwa nyimbo, mavazi na karamu.

Basi kila upande ukawa na mfalme wake aliyeitwa kingi, na majenerali, makapteni, madaktari na wauguzi, kila mmoja kwa cheo na sare. Mombasa pande hizo ziliitwa Kingi na Skochi. Katika Tanganyika ya Wadachi majina yaliyovuma yalikuwa Marini na Arinoti. Marini, waliojinasibisha na wanamaji wa manowari, kwa kawaida waliwavuta makarani na watu wenye nafasi; Arinoti waliwavuta zaidi vibarua na watu wa hali ya chini. Wazungu wengi walioitazama ngoma hii waliona uigaji mtupu, na wengine walicheka. Lakini tujiulize: mtu ambaye mchana huitwa boi hata akiwa na mvi, akiitwa jenerali usiku na wenzake wakampigia saluti, je, anaiga tu? Au anajirudishia jambo alilonyang'anywa?

Agosti 1914 vita vilizuka Ulaya, na baada ya siku chache vikafika kwetu. Wadachi, Waingereza na Wabelgiji walipigana kwa miaka minne juu ya ardhi isiyokuwa yao, na wengi wa waliokufa hawakuwa Wadachi, Waingereza wala Wabelgiji. Barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo risasi, unga na hata vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walitwaliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi, wakiuawa zaidi na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi.

Katika kambi za vita hivyo alikutana Mnyamwezi na Myao, Mmanyema na Mkamba, Mngoni na Mnubi. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, na vyeo vya askari wa Kidachi vilikuwa na asili ya Kituruki, kama ombasha na shaushi, maana askari wa kwanza walitoka Sudani na Misri. Hata neno afande, ambalo leo kila mtoto wa mjini analijua, limetujia kwa njia hiyo. Na jioni, palipokuwa na nafasi, beni ilichezwa. Ilichezwa na askari wa pande zote mbili, wale wa Kaisari na wale wa Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa wakilengana bunduki mchana wangeweza kuwa wafuasi wa Marini hiyo hiyo. Jambo hili ndilo linalofaa kutiliwa mkazo: katika vita vile vya wageni, palikuwa na uanachama mmoja uliovuka mstari wa mapigano, nao haukuwa wa serikali yoyote.

Tukitaka kuona upekee wa jambo hili, tulinganishe na namna wengine walivyosimulia habari za wachezaji na vita hivyo hivyo. Mwaka 1942, Marekani ikiwa tayari katika vita vya pili, studio ya MGM ya Hollywood ilitoa filamu ya nyimbo iitwayo For Me and My Gal, iliyoongozwa na Busby Berkeley, ikichezwa na Judy Garland pamoja na Gene Kelly, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Ni hadithi ya wachezaji wa jukwaani, Jo na Harry, wanaotamani kucheza katika ukumbi wa Palace wa New York, uliokuwa kilele cha sanaa yao. Wanapokaribia kuupata, Harry anaitwa jeshini. Anauponda mkono wake kwa kifuniko cha sanduku ili asichukuliwe. Siku hiyo hiyo Jo anapata habari kwamba ndugu yake ameuawa Ufaransa, na anamwacha Harry kwa uchungu, kisha anakwenda kuwaimbia askari. Watazamaji wa majaribio hawakumridhia kijana huyo. Ikabidi studio ipige upya sehemu za mwisho ili aonekane ametenda ushujaa.

Katika hadithi hiyo jukwaa na vita ni vitu viwili vinavyopingana, na mchezaji hana budi kuchagua kimoja. Mpagazi wetu hakuwa na uchaguzi wa namna hiyo. Hapakuwa na ukumbi wa Palace uliokuwa ukimngoja, wala hapakuwa na mtazamaji ambaye kwa ajili yake mwisho wa habari yake ungeandikwa upya. Kwake yeye jukwaa lilikuwa ndani ya vita, palepale penye majivu ya moto wa kambi. Wala hakutumwa na chama chochote kwenda kuwachangamsha wapiganaji; mchezaji, mpiganaji na mtazamaji walikuwa ni mtu yule yule.

Jenerali von Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari wake walipelekwa kwa meli juu ya ziwa letu la Tanganyika hadi Kigoma, na kutoka huko kwa reli hadi Tabora, walikowekwa kizuizini. Kisha askari na wapagazi wa majeshi yote wakatawanyika kwenda makwao, na beni ikatawanyika pamoja nao. Katika Malawi ilizaa malipenga, ambayo wachezaji wake hupuliza vibuyu vyenye utando ili vitoe sauti ya tarumbeta. Kusini mwa Tanzania, pwani ya Ziwa Nyasa, kuna mganda, ulio ndugu yake. Katika migodi ya shaba ya Zambia ilizaa kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiandikia uchunguzi mwaka 1956. Ilifika hata Katanga. Mwanahistoria Terence Ranger aliikusanya safari hii ndefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na tangu hapo hapana mtaalamu wa historia ya Afrika ya Mashariki awezaye kuidharau beni.

Watawala hawakuidharau tangu mapema. Vita vilipokwisha, maofisa wa Kiingereza na wa Kibelgiji walianza kuitilia shaka. Waliona vyama vyenye matawi toka pwani mpaka bara, vyenye viongozi, michango na barua, vikiwaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa lugha moja. Wakahofu kwamba nyuma ya ngoma kuna njama. Njama ya kuipindua serikali haikuonekana. Lakini hofu yao haikuwa ya bure kabisa, kwa kuwa watu waliojifunza kuchanga fedha, kuchagua viongozi na kuzikana ugenini wamekwisha kujifunza mengi.

Sasa tuje kwetu. Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, ulikuwa kituo cha kijeshi cha Wadachi, na Wabelgiji waliutwaa Juni 1916. Askari, wapagazi na wafanyabiashara ndio waliokuwa miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa mji huu kusema Kiswahili, na mtaa wa Buyenzi ungali ukiitunza lugha hiyo. Kwa sababu ya asili hiyo, wako wanaokiita Kiswahili lugha ya wapitaji, lugha ya sokoni na ya kambini, isiyo na heshima. Hapa ndipo historia ya beni inapotufaa.

Mrundi asemapo ingoma huwa na maana mbili: chombo kipigwacho, na pia ufalme wenyewe. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa ya Mwami, na wapigaji wake walikuwa wa koo maalumu. Ngoma ilitoka juu, ikiuonyesha utawala uliopo. Katika Kiswahili neno lilo hilo, ngoma, ni chombo na pia ni mchezo wa watu wote. Na katika beni yule asiyekuwa na cheo chochote alijivika taji, akatawala mpaka alfajiri. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja limehifadhi historia yake. Mwalimu anayefundisha Kiswahili kwa watoto wa Kirundi ana hazina kubwa hapa, tena bila ya gharama.

Katika vita vya pili mambo yalibadilika. Serikali ya Kiingereza iliunda kikosi cha burudani kwa ajili ya askari wa Afrika ya Mashariki, na wanamuziki walipelekwa mpaka India na Burma. Mmoja wao, Fundi Konde wa pwani ya Kenya, baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa gitaa wa Kiswahili, na sauti yake ilienea kwa santuri na redio. Safari hii mchezaji alipewa mshahara, na jina lake likabaki. Wachezaji wa 1914 hawakuachiwa santuri, na aghalabu hata majina yao hayakuandikwa. Walichotuachia ni maneno, mitindo, na lugha iliyokwisha kufika mbali.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepewa nafasi katika shule zetu za msingi. Ni jambo jema. Lakini mtoto asifundishwe kwamba lugha hii ililetwa na mkataba. Aambiwe pia kwamba ilipita mapori kwa miguu, vichwani mwa watu waliobebeshwa mizigo, ambao jioni walijipa wenyewe heshima waliyonyimwa mchana. Wazee wa mitaa yetu bado wanayo masimulizi ya babu zao. Tuwatume wanafunzi wakayaulize na kuyaandika kabla hayajapotea. Waliocheza ugenini hawakutunzwa wakati wao. Deni hilo limebaki kwetu, tuliorithi lugha yao.