Zamu ya Mnyonge: Uteuzi wa Wachezaji na Mvuto wa Miji katika Kikapu cha Marekani

Katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kijana anayeingia hachagui timu ya kuchezea. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, timu huchagua kwa zamu miongoni mwa vijana wanaotoka vyuoni au ng'ambo, na zilizofanya vibaya msimu uliopita hukaa mbele ya foleni. Shabiki wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kuona klabu yenye fedha ikimsajili yeyote inayemtaka, hukuta hapa utaratibu uliotungwa makusudi ili mwenye nguvu asitangulie siku zote. Uteuzi huo, biashara ya kubadilishana wachezaji, na swali la mji upi unawavuta nyota ni mambo matatu ambayo mashabiki wa kikapu wamebishania kwa miongo mingi. Historia yake ni moja: kila ligi ilipoweka kanuni ya kugawa vipaji kwa haki, wenye timu, na baadaye wachezaji wenyewe, walipata njia ya kuizunguka, nayo ligi ikalazimika kuandika nyingine.

Mwanzo wa zamu

Wazo lilitoka kwenye futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1935 Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, alichoka kuona klabu tajiri zikimaliza vijana wote wazuri, akapendekeza kwamba wa mwisho achague kwanza. Uteuzi wa kwanza wa mchezo huo ulifanyika mwaka 1936. Ligi ya kikapu ya BAA, iliyoanzishwa New York mwaka 1946, iliuiga mpango huo mwaka uliofuata. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Clifton McNeely, aliyeteuliwa na Pittsburgh Ironmen. Hakuichezea ligi hiyo hata siku moja: alikwenda kufundisha kikapu katika shule ya sekondari huko Texas, na Ironmen wenyewe wakavunjika kabla msimu mpya haujaanza. Mwaka 1949 BAA iliungana na ligi ya NBL, na NBA ikazaliwa.

Wenye timu wengi wa siku hizo walikuwa wenye kumbi za michezo, na riziki yao ilitoka kwenye tiketi za mlangoni. Kijana aliyekwisha kupendwa na watu wa mji wake alijaza ukumbi kuliko mgeni. Ndiyo maana kati ya 1949 na 1965 kulikuwa na kanuni ya eneo: timu iliweza kuiacha zamu yake ya kwanza, na badala yake ikamchukua mchezaji aliyesoma ndani ya maili 50, yaani kama kilomita 80, kutoka ukumbi wake. Kwa njia hiyo Boston Celtics walimpata Tom Heinsohn mwaka 1956, na Cincinnati Royals wakampata Oscar Robertson mwaka 1960. Philadelphia Warriors waliinyoosha kanuni hiyo zaidi mwaka 1959. Wilt Chamberlain alikuwa amesoma chuo huko Kansas, lakini kwa kuwa sekondari yake ilikuwa Overbrook, ndani ya Philadelphia, ligi iliwakubalia kumchukua kama mwana wa nyumbani.

Mwaka wa 1956 ulionyesha pia thamani ya zamu moja. St. Louis Hawks, waliokuwa na nafasi ya pili, waliwaachia Celtics kijana Bill Russell wakapewa Cliff Hagan na Ed Macauley, mzaliwa wa St. Louis. Hawks walipata ubingwa mmoja, mwaka 1958. Celtics wa Russell walipata 11 katika misimu 13. Tangu hapo, shabiki anayepinga timu yake kuuza zamu ya juu hakosi mfano wa kutaja.

Sarafu hewani

Kanuni ya eneo ilipofutwa, ligi ilihamia kwenye sarafu. Kuanzia 1966 timu mbili zilizoshika mkia, moja ya Mashariki na moja ya Magharibi, zilipigiwa sarafu kuamua nani achague kwanza. Mwaka 1969 Milwaukee Bucks na Phoenix Suns, zote zikiwa zimemaliza msimu wao wa kwanza tu, ziligombea haki ya kumchukua Lew Alcindor wa chuo cha UCLA, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Uongozi wa Suns uliwapigisha kura mashabiki wake, nao wakachagua upande wa kichwa. Sarafu ikaangukia upande wa pili. Bucks walitwaa ubingwa mwaka 1971. Suns walikuwa bado hawajaupata hadi mwaka 2025.

Miaka kumi baada ya sarafu hiyo Chicago Bulls nao walisema kichwa wakashindwa na Los Angeles Lakers. Lakers hawakuwa timu ya mkiani. Zamu waliyoitumia ilikuwa ya New Orleans Jazz, waliyoitoa kama fidia walipomsajili Gail Goodrich mwaka 1976. Aliyepatikana ni Magic Johnson, na Lakers wakashinda ubingwa mara tano katika miaka ya 1980. Zamu iliyotungwa kwa ajili ya mnyonge ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi alikuwa mji mkubwa.

Uteuzi unaobishaniwa kuliko wote ni wa 1984. Houston Rockets walishinda sarafu wakamchukua Mnigeria Hakeem Olajuwon. Portland Trail Blazers walifuata. Walikuwa tayari na Clyde Drexler, aliyecheza nafasi ileile ya Michael Jordan, na walihitaji mtu mrefu wa kati. Wakamchagua Sam Bowie, ambaye majeraha ya mguu yalikuwa yamemkosesha misimu miwili chuoni. Jordan akabaki kwa Bulls, akawapa ubingwa mara sita. Houston hawalaumiwi sana, kwa sababu Olajuwon aliwaletea ubingwa wa 1994 na 1995. Portland ndio wanaobeba lawama, na kutokana na kisa chao limebaki swali linaloulizwa kila Juni: timu ichague kipaji kikubwa kilichopo, au izibe pengo lake?

Kutoka bahasha hadi mipira

Sarafu ilikuwa na kasoro moja. Aliyeshika mkia alikuwa na uhakika wa zamu ya kwanza au ya pili, hivyo timu iliyokata tamaa ilikuwa na sababu ya kupoteza michezo yake ya mwisho. Rockets walishutumiwa kufanya hivyo msimu wa 1983-84. Mwaka 1985 ligi ilianzisha bahati nasibu kwa timu saba zilizokosa mchujo wa ubingwa, zote zikiwa na nafasi sawa. Katika hoteli ya Waldorf Astoria mjini New York, kamishna David Stern alichomoa bahasha kutoka kwenye pipa la kuzunguka, na ushindi ukaenda kwa New York Knicks, waliomchukua Patrick Ewing. Uvumi kwamba bahasha ya Knicks ilitiwa alama haujawahi kuthibitishwa, wala haujawahi kufa. Golden State Warriors, waliokuwa na matokeo mabaya zaidi pamoja na Indiana, waliangukia nafasi ya saba.

Mnyonge alikuwa amedhulumiwa na utaratibu uliotungwa kumlinda, kwa hiyo marekebisho yalifuata. Mwaka 1990 nafasi zilipangwa kwa uzito: aliye dhaifu zaidi alipewa nafasi 11 kati ya 66. Mwaka 1993 Orlando Magic, wakiwa na nafasi moja tu kati ya hizo 66, walishinda bahati nasibu kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwaka uliofuata ukaanza utaratibu wa mipira 14 yenye namba, inayotoa michanganyiko 1,001. Kati ya hiyo, 1,000 iligawiwa timu, na wa mwisho alipata 250.

Robo hiyo nayo ilishawishi. Kati ya 2013 na 2016 Philadelphia 76ers, chini ya meneja Sam Hinkie, waliwatoa wachezaji wao wazoefu na kukusanya zamu za miaka ijayo, wakikubali kushindwa kwa muda. Msimu wa 2015-16 walishinda michezo 10 kati ya 82. Mashabiki waligawanyika: wengine waliimba kauli ya kuuamini mpango huo, wengine waliona ni dharau kwa mtu anayelipa kiingilio. Kuanzia 2019 timu tatu za mkiani zilipewa nafasi ya asilimia 14 kila moja, ili kuwa wa mwisho kabisa kusiwe na faida ya ziada.

Uzito wa mji

Uteuzi humweka kijana mahali, lakini hauwezi kumfunga huko maisha yake yote. Mwaka 1974 Abdul-Jabbar, Mwislamu aliyekulia New York, aliiomba Milwaukee imwachie aende New York au Los Angeles, kwa kuwa hakuona huko maisha ya kijamii na kitamaduni aliyoyahitaji. Mwaka 1975 akaenda Lakers. Wakati huo mchezaji wa kawaida hakuwa na uwezo kama huo, kwa sababu timu ilibaki na haki juu yake hata mkataba ulipokwisha. Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, alifungua kesi mwaka 1970, na suluhu ya 1976 ikaanza kulegeza kamba hiyo. Mwaka 1988 Tom Chambers alitoka Seattle kwenda Phoenix akiwa mchezaji wa kwanza aliye huru kabisa.

Ligi ilijibu mapema kwa kuweka ukomo wa mishahara, ulioanza msimu wa 1984-85 kwa dola milioni 3.6 kwa timu, pamoja na ruhusa ya kuuvuka ili kumbakiza mchezaji wako. Lakini fedha zilipokaribiana, mambo mengine yalipata nguvu: hali ya hewa, kodi (Florida na Texas hazitozi kodi ya jimbo kwenye mapato), matangazo ya biashara, familia na marafiki. Mwaka 1996 Shaquille O'Neal alipomaliza mkataba wake Orlando, gazeti la Orlando Sentinel liliwauliza wasomaji kama anastahili dola milioni 115 kwa miaka saba, na zaidi ya asilimia 90 wakasema hapana. O'Neal akaenda Lakers, akashinda ubingwa mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002. Mwaka 1999 Steve Francis, aliyeteuliwa wa pili na Vancouver Grizzlies, alikataa kwenda huko hadi akabadilishwa kwenda Houston. Mwaka 2001 timu yenyewe ikahamia Memphis. Na LeBron James alipotangaza kwenye televisheni mwaka 2010 kwamba anatoka Cleveland kwenda Miami, baadhi ya mashabiki wa Cleveland walichoma fulana zake. Alirudi mwaka 2014 na kuwapa ubingwa mwaka 2016.

Miji yenye masoko madogo nayo ina hoja. San Antonio ilishinda bahati nasibu ya 1987 na ya 1997, ikawapata David Robinson na Tim Duncan, na kati ya 1999 na 2014 ikatwaa ubingwa mara tano. Manu Ginóbili, nguzo ya timu hiyo, aliteuliwa wa 57.

Wana wa Afrika kwenye foleni

Kwa wasemaji wa Kiswahili, uteuzi wa 2009 una uzito wa pekee. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies baada ya kung'ara kama mzuiaji wa mipira katika chuo kikuu cha Connecticut. Alikuwa Mtanzania wa kwanza NBA. Aliyemfuata ni James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry, kwa hiyo jina la Thabeet hutajwa kila orodha ya makosa inapoandikwa. Haki inadai maelezo zaidi. Timu za wakati ule bado ziliuona urefu kuwa mali adimu kuliko zote, na ni baadaye, Curry akiwa mbele, mitupo ya pointi tatu ilipobadilisha mchezo. Thabeet alipita pia Houston, Portland na Oklahoma City, na aliwafungulia vijana wa Tanzania njia ambayo kabla yake haikuwapo. Kutoka mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya mjini na sokoni, Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliteuliwa wa saba mwaka 2011, na Jonathan Kuminga wa Goma akapata nafasi hiyohiyo mwaka 2021.

Zamu kama bidhaa

Hatari ya kuuza zamu ilijulikana Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ted Stepien alipokuwa mmiliki. Zamu moja, iliyotolewa kwa Lakers mwaka 1980 kabla Stepien hajainunua timu, iligeuka kuwa ya kwanza kabisa mwaka 1982, na Lakers, wakiwa ndio kwanza wametwaa ubingwa, wakamchukua James Worthy. Ligi ikakataza timu kujiacha bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana.

Hata hivyo biashara imekua. Mwaka 2019 nyota Kawhi Leonard alichagua kurudi kusini mwa California, na ili apate mwenzake Paul George, Los Angeles Clippers waliwalipa Oklahoma City kwa kijana Shai Gilgeous-Alexander na zamu tano za raundi ya kwanza. Moja ya zamu hizo ilimleta Jalen Williams mwaka 2022. Februari 2025 Dallas Mavericks walimtoa nyota wao Luka Dončić kwenda Lakers na kumpata Anthony Davis. Mashabiki waliandamana nje ya uwanja wao, na miezi michache baadaye Dallas, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, wakashinda bahati nasibu na kumpata Cooper Flagg. Juni mwaka huohuo Oklahoma City walitwaa ubingwa wakiongozwa na Gilgeous-Alexander na Williams. Nyota Kevin Durant alikuwa ameuacha mji huo mwaka 2016, na George akaomba kuondoka mwaka 2019. Uongozi wa Oklahoma City haukuweza kuzuia mvuto wa Los Angeles, ila ulijua kuutoza bei.