Noki sensa: Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Gari linapanda Kitonga kama limeshikwa breki, taa ya injini imewaka, fundi akichomeka mashine inasoma P0325. Jibu la haraka gereji huwa moja: "Noki sensa imekufa, leta nyingine." Kwa mtu wa Kalenga hiyo ni safari ya kama kilomita 15 kwenda Iringa mjini kusaka kipuri, halafu taa inaweza kuwaka tena kesho yake.

Noki sensa ni sikio la injini. Imefungwa kwa bolti kwenye bloku, na ndani ina kristali inayotoa umeme kidogo ikitikiswa. Petroli ikilipuka ovyo badala ya kuungua vizuri, sensa inaishtua kompyuta ya gari, nayo inachelewesha cheche ya plagi ili pistoni zisiumie.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Sensa ikifa, kompyuta haisubiri hasara. Inachelewesha cheche yenyewe kwa tahadhari. Gari linakuwa zito mlimani na linakunywa mafuta, lakini huenda usisikie kugonga kokote. Ukisikia mlio kama changarawe ndani ya kopo na taa haijawaka, shuku kwanza mafuta yaliyochakachuliwa, injini kuchemka au kaboni iliyojaa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hushusha oktani, na injini hugonga. Uchakachuaji huohuo ndio uliofanya EWURA ianzishe vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Turudi kwenye P0325. Kodi hiyo haisemi sensa ni mbovu. Inasema saketi ya sensa ina hitilafu, na waya ni sehemu ya saketi. Kwa hiyo anza na macho: waya ulioliwa na panya, soketi yenye kutu au oili, pini iliyolegea. Hiyo ni bure.

Kisha multimita. Kwenye Toyota nyingi zenye sensa bapa (ile yenye tundu katikati), kati ya pini mbili unatakiwa kupata kilo-omu 120 hadi 280 kwenye nyuzi 20. Sensa ya zamani ya pini moja hupimwa kati ya pini na bodi yake; umeme ukipita, imekufa kweli. Magari mengine yana vipimo vyake, angalia kitabu.

Bolti nayo usiidharau. Kwenye nyingi za bapa hukazwa kwa nguvu ya kama Nm 20, bila silikoni wala washa chini. Ikilegea au ikikazwa kupita kiasi, hata sensa mpya haisikii vizuri.

Kwenye injini nyingi za V6 sensa zimejificha chini ya manifoldi, na ufundi unaweza kuzidi bei ya kipuri. Maliza waya kabla hujafungua.

Baada ya matengenezo, futa kodi, acha injini ipate moto, kisha panda mlima wa Ipogolo kwa zaidi ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukipima gari limesimama sailensa, taa inaweza kukudanganya.