Kabla ya Bifu za Instagram, Kulikuwa na Baa za Kinondoni na Temeke

Zuchu mnamjua. Mama yake, Khadija Kopa, mnamjua pia. Ila ukiuliza ule mdomo wa Mama Kopa ulinolewa wapi, wengi watakwambia Zanzibar, basi. Ni kweli alitokea Culture Musical Club ya Unguja, lakini bara walimjua kupitia kumbi za Dar, katikati ya meza za bia.

Dar haijawahi kuwa na jumba la opera, lile la mapazia mekundu mnaloliona kwenye muvi. Wazungu walikuwa na Little Theatre yao Oysterbay tangu ukoloni, wakaigiza kwa Kiingereza. Watu wa Kinondoni na Temeke walikuwa na baa. Sio utani wadau, baa ndiyo ilikuwa jumba lao la maigizo.

Miaka ya 1980 maisha yalikuwa magumu balaa. Vikundi vya JKT, Polisi na Magereza angalau wasanii wao walikuwa na mshahara. Vikundi binafsi kama Muungano Cultural Troupe, chini ya Norbert Chenga, viliishi kwa hela ya mlangoni. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: kikundi kinachukua kiingilio, mwenye baa anachukua hela ya bia. Sasa mwenye baa anataka nini? Anataka mtu akae, aagize tena na tena. Ndiyo maana shoo zilikuwa ndefu vile. Unaanza na ngoma za asili, inakuja sarakasi, mazingaombwe, vichekesho, igizo zima la ndoa iliyovunjika, halafu taarab. Unalipa mara moja tu, na watu wa rika zote wanapata chao.

Taarab iliwekwa mwishoni kwa sababu ndiyo iliyokuwa imewaleta wengi, hasa akina mama. Na hapa ndipo bifu linapoanza. Shairi la mpasho halitaji jina la mtu. Jina unalitia mwenyewe. Mama akisikia ubeti unaomfaa jirani yake, anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtuza mwimbaji taratibu, akikatiza makusudi kwenye meza ya mbaya wake. Ukumbi mzima umeelewa. Aliyelengwa naye anasubiri ubeti wake, akiinuka ujue noti yake ni kubwa zaidi.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na CCM ikaanzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Lengo lilikuwa siasa, hilo halikufichwa. TOT ikamchukua Khadija Kopa. Muungano walikuwa na Nasma Khamis, yule wa "Kidogo". Hapo mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Mimi naamini ushindani ule ndio ulioziweka hai kumbi zile kwa miaka kadhaa, maana mtu hakuwa anakwenda kusikiliza wimbo tu, alikwenda kusikia majibu. Wiki hii huyu katupa dongo, wiki ijayo mwenzake atasemaje? Kwenye simu jibu mnalipata ndani ya dakika mbili. Wao walipanda daladala na kulipa kiingilio tena.

Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo. Taratibu shoo ile ndefu ikakatwa vipande. Maigizo na vichekesho vikahamia kwenye luninga, Kaole wakatamba huko, na kwenye Kaole ndimo walimopita kina Kanumba na Ray kabla ya Bongo Movie. Taarab ikabaki na usiku wake peke yake. Jahazi ya Mzee Yusuf, iliyoanza 2006, ilijaza ukumbi bila sarakasi wala igizo.

Waimbaji walikuwa na kaseti, kwa hiyo majina yao mnayo. Sasa muulize shangazi yako aliyekuwa akienda zile shoo za Kinondoni au Temeke miaka hiyo: yule jamaa aliyekuwa akipinda mgongo mpaka kichwa kinatokea katikati ya miguu, na baa nzima inanyamaza, aliitwa nani? Ataicheka ile mipindo yake, atakuonyesha kwa mikono alivyokuwa akifanya. Jina hatalikumbuka.