Kurekodi sauti

Kurekodi sauti (pia: kunasa sauti) ni kazi ya kunasa mitetemo ya hewa na kuihifadhi ili iweze kusikika tena baadaye. Usanifu wa sauti ni kuchagua, kutengeneza na kupanga sauti hizo kwa ajili ya wimbo, filamu au mchezo wa redio.

Historia

Mmarekani Thomas Edison alibuni fonografu mwaka 1877. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo na ala za makabila mengi ya Tanganyika, wakiwemo Wasukuma. Rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baada ya uhuru, bendi nyingi za muziki wa dansi zilirekodi kwenye tepu katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku hizi hutumika kompyuta, hata simu.

Namna inavyofanyika

Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme. Kinasa sauti cha kidijiti hupima umeme huo mara 44,100 kwa sekunde kwa ajili ya CD, au 48,000 kwa ajili ya video. Binadamu husikia mitetemo kati ya takriban 20 na 20,000 kwa sekunde, na ili kuinasa yote ni lazima vipimo vizidi mara mbili ya kiwango cha juu.

Maikrofoni ya dainamiki huvumilia sauti kubwa kama ya ngoma. Maikrofoni ya kondensa hunasa sauti ndogo zaidi, na kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48.

Mahali na umbali

Runzewe, katika wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita, ni mji wa barabara kuu katika ukanda wa dhahabu. Katika mazingira kama hayo anayerekodi hukabiliana na malori, jenereta, makarasha ya kuponda mawe na mvua juu ya bati. Kelele ikishachanganyika na sauti ya mwimbaji ni vigumu kuiondoa.

Mahali pa wazi, umbali kutoka kwa mwimbaji ukiongezeka mara mbili, sauti yake hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za mazingira hubaki karibu vilevile. Kwa hiyo maikrofoni husogezwa karibu. Katika ngoma za Kisukuma, maikrofoni moja huweza kuwekwa karibu na manju na nyingine mbali kidogo, ili kunasa wapiga ngoma na waitikiaji.

Vilele vya sauti huachwa kati ya desibeli -12 na -6. Vikivuka 0 sauti hukatika na kukwaruza, na mara nyingi hairekebishiki.

Usanifu

Msanifu hukata makosa, husawazisha sauti nene na nyembamba, kisha huongeza mwangwi inapohitajika. Kwa mchezo wa redio kuhusu wachimbaji, sauti ya sururu hurekodiwa peke yake, kisha huongezewa mwangwi ili msikilizaji ahisi yuko shimoni.

Kuhifadhi

Tepu huharibika kwa joto na unyevu, hivyo rekodi za zamani huhamishiwa kwenye kompyuta. Faili la WAV hutunza sauti yote, ilhali MP3 hupunguza baadhi yake. Nakala huwekwa zaidi ya mahali pamoja, pamoja na jina la mwimbaji, mahali, tarehe na lugha. Bila maelezo hayo, wazao wa manju hawawezi kuutambua wimbo wake. Ridhaa ya mwimbaji huombwa kabla ya kurekodi. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda pia haki za waimbaji na wapiga ala.