Kibali na Ndoo ya Maji: Fundisho la Historia kwa Makada

Katika vijiji vilivyo karibu na barabara kuu, kama Ulemo wilayani Iramba, wako akina mama wanaopika wali, ugali na maharage na kuwauzia wasafiri na wakulima waliokuja sokoni. Kila anapofika mkaguzi, swali la kwanza ni hili: mna kibali? Kada wa Chama hana budi kuuliza swali la pili: kibali hicho kinamlinda nani?

Enzi ya ukoloni

Mkoloni aliitumia afya kuwagawa watu. Dar es Salaam ilikatwa mapande matatu: Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, Kariakoo. Mnazi Mmoja iliachwa wazi katikati ili kuwatenga Waafrika, na kisingizio kilikuwa maradhi. Ndipo ilipopandwa kasumba kwamba uchafu ni tabia ya maskini, wala si matokeo ya kunyimwa maji na vyoo.

Baada ya Azimio la Arusha

Mwaka 1973 Taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni hizo hazikufuta maradhi. Kipindupindu kililipuka mwaka 1977. Lakini zilithibitisha kwamba mtu aliyeshiriki kuamua hangoji mgambo ndipo awe msafi.

Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi. Shabaha yake ilikuwa kila mwenye nguvu afanye kazi. Katika utekelezaji, hata hivyo, wachuuzi wadogo wa mijini walikamatwa pamoja na wazururaji. Siku hizo mshahara haukutosha, na sufuria la mama ntilie lilimshibisha kibarua mchana na kuwalea watoto wa mpishi jioni. Kumwita mzururaji mtu anayewalisha wafanyakazi lilikuwa kosa la uchambuzi wa kitabaka. Baadaye wachuuzi walipewa leseni ndogo, na watu wakaziita leseni za nguvu kazi.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi, na sehemu nyingi zikakataza kuuza chakula barabarani. Amri hiyo ilikuwa na msingi. Ugonjwa huu hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi; beseni moja linaloosha sahani tangu asubuhi hadi jioni laweza kuwaambukiza wengi. Usafi si anasa ya mabwanyenye, kwani anayetangulia kufa kwa kipindupindu ni kabwela. Lakini amri peke yake haileti maji.

Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilikusudiwa kuwaondolea usumbufu wa kutozwa kila siku. Hata hivyo, kitambulisho cha namna hiyo huonyesha kwamba mtu amelipa. Hakionyeshi kwamba amepimwa afya, wala kwamba maji yake yamechemshwa.

Fundisho

Hapa ndipo ulipo mkinzano. Kibali kina kazi mbili: kumlinda mlaji na kukusanya mapato. Kazi ya pili ikiimeza ya kwanza, kibali hugeuka karatasi, na mlaji hubaki bila ulinzi.

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Basi, katika kijiji kama Ulemo, kazi ya kada ni hii. Kwanza, wapishi waitwe mkutanoni kabla sheria haijaandikwa. Pili, Bwana Afya afundishe kabla ya kutoza faini. Tatu, sehemu ya ushuru irudi pale pale ulipotoka, iwe bomba, choo na shimo la taka. Nne, aliyefundishwa, akapatiwa maji, na bado akauza chakula kichafu, afungiwe bila kujali undugu wala bahasha.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi wasiwe mabwana juu ya watu. Onyo hilo linamhusu pia anayekagua masufuria.